Anayebadili laptopu ahesabu miaka, si bei peke yake

Kwa muda mrefu mfanyabiashara wa kawaida anayekwenda Kariakoo kununua laptopu amekuwa akiuliza maswali matatu: bei yake ni kiasi gani, RAM ni ngapi, na chaji inakaa muda gani. Maswali hayo bado ni ya msingi, lakini tangu tarehe 14 Oktoba 2025 hayatoshi tena. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya bure ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi ulioingia sokoni Julai 2015 na kuenea katika maofisi, maduka na stoo za bidhaa.

Mfumo endeshi ndiyo programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuziwezesha programu nyingine zote kufanya kazi. Bila huo, laptopu ni plastiki na bati tu. Ikumbukwe kuwa Windows 10 haikuzimika siku hiyo. Kompyuta ziliwaka asubuhi iliyofuata kama kawaida, na ndiyo sababu wenye biashara wengi hawakushtuka. Kilichokoma ni viraka, yaani marekebisho ya kila mwezi yanayoziba matundu ambayo wezi wa mitandaoni huyagundua na kuyatumia.

Kwa mfanyabiashara mwenye laptopu iliyozeeka, jambo hili linaibua swali ambalo wauzaji wengi hawalitaji: akinunua nyingine, iendeshwe na mfumo gani? Aendelee na Windows, ahamie Linux, anunue ya Apple, au achukue ile ya Google? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko punguzo la shilingi 50,000 analolipigania kaunta, kwa kuwa ndilo litakaloamua kama fedha aliyotoa inanunua mwaka mmoja wa kazi au mitano.

Mzigo unaotoka nje

Chanzo cha tatizo ni masharti ya Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021. Mfumo huo unataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi (isipokuwa chache sana za kizazi cha saba), au AMD Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000. Aidha, unataka RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kizazi cha nane cha Intel kilianza kutoka Agosti 2017. Kwa maneno mengine, laptopu nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018, hata zikiwa nzima kabisa, haziruhusiwi kupanda ngazi.

Kampuni na taasisi za nje zenye mashine za namna hiyo hazina sababu ya kuziweka. Huziuza kwa mafungu kwa madalali wa vifaa vilivyotumika, na sehemu ya mzigo huo hupitia Dubai au huja moja kwa moja kutoka Ulaya na Marekani hadi maduka ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Hivyo ni jambo la kutarajiwa kwamba laptopu zilizokataliwa kwingine zitaonekana hapa kwa bei ya kuvutia. Kwa mnunuzi anayejua anachokitafuta, hiyo ni neema. Kwa asiyejua, ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mtego mkubwa umo katika maneno "Core i5". Tangazo la duka husema Core i5, RAM 8, diski 256, na kuishia hapo. Lakini Core i5 imekuwa ikitengenezwa tangu 2009, na zipo za kila kizazi. Mnunuzi anapaswa kusoma tarakimu zinazofuata baada ya alama ya kistari. Prosesa ya i5-6300U ni ya kizazi cha sita. Ndiyo inayopatikana katika HP EliteBook 840 G3 nyingi zilizojaa katika soko la mtumba. Ile ya i5-8350U ni ya kizazi cha nane. Kwa macho na kwa vidole mashine hizo mbili zinakaribia kufanana, na muuzaji anaweza kuzitenganisha kwa tofauti ndogo ya bei. Hata hivyo, moja inakubalika rasmi kwa Windows 11 na nyingine haikubaliki.

Kuhakiki si kazi ya fundi peke yake. Kwenye laptopu iliyowashwa, mnunuzi hufungua sehemu ya mipangilio, kisha mfumo, kisha maelezo ya mashine, na namba kamili ya prosesa huonekana hapo. Akibonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R na kuandika tpm.msc, ataona kama kifaa cha TPM kipo na ni cha toleo gani. Dakika mbili zinatosha. Muuzaji asiyekubali mashine iwashwe mbele ya mteja anastahili kuachiwa mashine yake.

Hesabu ya mwaka mmoja mmoja

Waliosoma biashara wanafahamu kuwa bei ya mali ya kudumu haina maana mpaka igawanywe kwa miaka ya matumizi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 iliiweka kompyuta katika daraja la kwanza la mali zinazochakaa, kwa kiwango cha asilimia 37.5 kwa mwaka juu ya salio lililobaki. Kompyuta ya shilingi 1,000,000 hubaki na thamani ya kitabuni ya shilingi 625,000 baada ya mwaka wa kwanza, shilingi 390,625 baada ya wa pili, na shilingi 244,140 hivi baada ya wa tatu. Sheria yenyewe basi inatambua kuwa kompyuta ni mali inayoisha haraka. Lakini hesabu ya kodi hugusa thamani tu. Haimwambii mwenye mali kama mashine yake ni salama kwa kazi.

Ichukuliwe mfano wa laptopu mbili. Ya kwanza ni ya kizazi cha sita na inauzwa shilingi 400,000. Ya pili ni ya kizazi cha nane na inauzwa shilingi 720,000. Mnunuzi ambaye kazi yake haiwezi kufanyika nje ya Windows akichukua ya kwanza na kulazimika kuibadilisha baada ya mwaka mmoja, atakuwa ametumia shilingi 400,000 kwa mwaka. Akichukua ya pili na kuitumia miaka minne, atakuwa ametumia shilingi 180,000 kwa mwaka. Ile iliyoonekana rahisi imemgharimu zaidi ya mara mbili.

Hata hivyo, mfano huohuo hugeuka kabisa kwa mnunuzi mwingine. Mwenye kazi inayoweza kufanyika kwenye Linux akiichukua ile ya shilingi 400,000 na kuitumia miaka minne, gharama yake ni shilingi 100,000 kwa mwaka. Mashine ni ileile na bei ni ileile, lakini mmoja amepata hasara na mwingine amepata faida. Kilichowatofautisha ni mfumo endeshi, na kilichoamua mfumo endeshi ni aina ya kazi.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Wanunuzi wengi huanza na mashine, wakapokea mfumo wowote uliomo, kisha wakahangaika kutafuta programu zinazokubali, na mwisho wakaibana kazi iingie humo. Mpangilio sahihi ni kinyume chake: kwanza kazi, pili programu inayofanya kazi hiyo, tatu mfumo unaoiendesha programu hiyo, na mashine iwe ya mwisho.

Nani abaki na Windows

Mfanyabiashara anayetunza hesabu zake kwa Tally hana nafasi kubwa ya kuchagua. Programu hiyo kutoka India, iliyozoeleka sana kwa wahasibu wa maduka ya jumla katika Afrika Mashariki, imetengenezwa kwa ajili ya Windows. Hali kadhalika QuickBooks ile inayosimikwa ndani ya kompyuta. Zipo njia za kuzungusha ili programu hizo ziendeshwe kwenye Linux, lakini duka lenye wadai na wadaiwa si mahali pa majaribio. Mwenye Tally anunue laptopu ya kizazi cha nane au zaidi, aweke Windows 11, na suala liishe.

Mnunuzi wa kundi hili atahadhari na mambo mawili. La kwanza ni Windows 11 iliyosimikwa kwa ujanja kwenye mashine isiyostahili. Mafundi wanaweza kuruka masharti na mfumo ukakubali kuingia, na laptopu ikauzwa kwa maneno "ina Windows 11". Microsoft imeweka wazi kuwa mashine za namna hiyo hazina uhakika wa kupata marekebisho, yakiwamo ya usalama. Mnunuzi amelipia jina tu.

La pili ni kopi za wizi. Laptopu nyingi zilizotoka maofisini zina leseni halali ya Windows iliyohifadhiwa ndani ya mashine yenyewe, na mfumo ukisimikwa upya kwa njia ya kawaida, toleo lilelile hujitambua baada ya kuunganishwa na intaneti. Hakuna sababu ya kuweka kopi iliyovunjwa. Vifaa vinavyotumika kuvunja leseni mara nyingi hutaka kinga ya virusi izimwe kwanza, na anayekubali kuzima kinga hajui ameingiza nini. Ni sawa na mwenye duka anayemkabidhi mtu asiyemjua funguo za stoo kwa sababu amejitolea kufagia bure.

Wapo wanaosema bora kukaa na Windows 10 na kulipia huduma ya ziada. Microsoft ilifungua mpango huo. Kwa watumiaji binafsi uliwekwa kwa mwaka mmoja hadi 13 Oktoba 2026, kwa bei ya dola 30 au bila malipo kwa masharti fulani ya akaunti. Kwa kampuni bei iliwekwa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, ikiongezeka maradufu kila mwaka: dola 122 wa pili na dola 244 wa tatu. Jumla ya miaka mitatu ni dola 427 kwa mashine moja. Anayejiunga mwaka wa pili hulipia na ule wa kwanza. Bei imepangwa hivyo kwa makusudi, ili mteja achoke na kuhama. Kwa kampuni yenye mtambo wa gharama kubwa unaoongozwa na kompyuta ya zamani, malipo hayo yanaweza kuwa na maana. Kwa mwenye duka la vitenge, ni fedha ya kununulia laptopu nyingine.

Nani ahame

Kundi la pili ni la wafanyabiashara ambao kazi yao yote ya kompyuta ni majedwali ya hesabu, barua, ankara, barua pepe, WhatsApp ya kwenye skrini kubwa, mtandao wa benki na tovuti za serikali. Hawa ni wengi kuliko wanavyodhani wenyewe. Kazi hizo karibu zote hufanyika ndani ya kivinjari, na kivinjari cha Chrome au Firefox hufanya kazi ileile kwenye Linux.

Kwa kundi hili Linux inastahili kupimwa bila woga. Matoleo yanayomfaa aliyezoea Windows ni Ubuntu na Linux Mint. Ubuntu 24.04, iliyotoka Aprili 2024, ilipewa miaka mitano ya huduma, yaani hadi 2029. Linux Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu hiyo na ilipewa muda huohuo. Mifumo yote miwili haina ada ya leseni. Laptopu ya kizazi cha sita yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD huiendesha bila shida.

Kwa upande wa majedwali na barua ipo LibreOffice, iliyoanzishwa 2010 kutokana na OpenOffice. Wazo la programu huria si geni hapa nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowahusisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Kwa hesabu za biashara ndogo ipo GnuCash, ambayo nayo haina malipo. Ikumbukwe pia kuwa Office 2016 na Office 2019 zilikoma kupata huduma siku ileile ya 14 Oktoba 2025, hivyo anayeng'ang'ania Windows kwa sababu ya Office yake ya zamani anashikilia vitu viwili vilivyokwisha muda.

Isisemwe kuwa kuhama hakuna gharama. Programu ni ya bure lakini muda wa watu si wa bure. Karani aliyezoea Excel kwa miaka kumi atapunguza kasi kwa wiki kadhaa. Majedwali yenye makro, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya jedwali, yanaweza kugoma kwenye LibreOffice. Printa na skana za aina fulani hazina programu ya Linux. Mafundi wa Linux mtaani ni wachache kuliko wa Windows, na mashine ikigoma mwisho wa mwezi, fundi aliye mbali ni gharama. Mwenye biashara anapaswa kuyaandika haya kwenye upande wa matumizi kabla hajashangilia leseni ya bure.

Dawa ya mashaka hayo ni kujaribu. Ubuntu na Mint huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo ndani ya laptopu. Mfanyabiashara akiwa bado na mashine yake ya zamani aiwashe kwa flashi hiyo, aunganishe printa yake, afungue tovuti ya benki yake na ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, na afungue nakala ya jedwali lake gumu kuliko yote. Vitu hivyo vinne vikikubali, amepata jibu kabla hajatoa hata senti. Kimoja kikigoma, amejua mapema.

Wenye matawi Kenya nao wazingatie mfano wa iTax. Katika mfumo huo wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, fomu za ritani ziliwahi kutolewa kama jedwali la Excel lenye makro, pamoja na jedwali la aina ya ODS kwa wanaotumia LibreOffice au OpenOffice. Funzo lake ni kuwa ofisi ya serikali inaweza kuruhusu mifumo zaidi ya mmoja, lakini mwenye biashara ndiye anayepaswa kuuliza kabla ya kununua, si usiku wa siku ya mwisho ya kuwasilisha.

Google na Apple

Njia ya tatu ni ChromeOS Flex ya Google, ambayo pia haina malipo na hukubali kuwekwa kwenye laptopu za zamani. Ni nyepesi na haimsumbui mtumiaji, lakini kazi zake nyingi hutegemea intaneti na akaunti ya Google, na haiendeshi programu za simu za Android. Inafaa kaunta yenye intaneti ya uhakika. Mahali ambapo bando huisha katikati ya mauzo, haifai.

Zipo pia Chromebook zenyewe, hasa zile zilizotumika mashuleni Marekani. Google ilitangaza Septemba 2023 kuwa zipewe miaka 10 ya marekebisho, lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu aina ya mashine ilipotoka, si tangu siku iliponunuliwa. Chromebook iliyotumika inaweza kuwa imebakiza miezi. Tarehe ya mwisho imo ndani ya mipangilio ya mashine, na mnunuzi ana haki ya kuiona.

Kwa Apple hesabu ni rahisi kuieleza. Kampuni hiyo ilianza kuhama kutoka prosesa za Intel Novemba 2020 ilipotoa mashine za M1. Juni 2025 ilitangaza kuwa macOS Tahoe litakuwa toleo la mwisho kwa Mac zenye Intel, na toleo hilo lilipotoka Septemba 2025 liliziacha nje MacBook Air zote za Intel. Hivyo MacBook Air ya Intel inayong'aa dirishani ni mali iliyokwisha muda, hata kama nembo ya tufaha bado inapendeza. Anayetaka Apple anunue ya M1 au zaidi, ama asinunue.

Mwekezaji mdogo

Wenye akiba ndogo wanaonunua hisa na hati fungani wana hesabu yao. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza mauzo Aprili 1998, mwekezaji alilazimika kwenda kwa dalali. Baadaye programu ya simu ya Hisa Kiganjani ilimwezesha kununua na kuuza kwa simu yake. Taarifa za hesabu za makampuni husomwa kwenye kivinjari. Mtu wa aina hii hahitaji laptopu ya gharama wala mfumo wa kulipia. Anachohitaji ni mfumo unaopata viraka, kwa kuwa nywila ya akaunti yake ndiyo mali yenyewe. Kwake Linux kwenye mashine ya zamani ni chaguo zuri, na fedha aliyookoa inaweza kwenda kwenye hisa.

Hatari si ya kufikirika

Wapo watakaosema kuwa dukani hakuna cha kuiba kwenye kompyuta. Waulizwe kuhusu Mei 2017. Kirusi cha WannaCry kilisambaa katika nchi nyingi kwa siku chache, kikafunga mafaili na kudai fidia ya dola 300 kwa kila mashine. Kiraka cha tundu kililotumia kilikuwa kimetolewa na Microsoft Machi mwaka huo, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, pamoja na waliobaki kwenye mifumo ya zamani. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa. Kirusi hakikuchagua tajiri wala maskini. Kilichagua mashine yenye tundu.

Mafaili ya duka ni nini? Ni orodha ya wadaiwa, mzigo uliopo stoo, ankara na kumbukumbu za kodi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka isiyopungua mitano. Aliyepoteza mafaili hayo hana cha kumwonyesha mkaguzi, na hana cha kumdai mteja aliyechukua mzigo kwa mkopo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la sasa limo ndani ya laptopu, na kwa hiyo mfumo wowote utakaochaguliwa uandamane na nakala ya mafaili kwenye diski ya pembeni, inayochomolewa na kufungiwa baada ya kunakili.

Mashine ya zamani isiyounganishwa na mtandao kabisa, kama ile inayochapa lebo za bei tu, inaweza kuendelea na Windows 10 bila hofu kubwa. Lakini isichomekwe flashi za kila mpita njia, na kusiwe na siku ya kuiunganisha "mara moja tu" ili kutuma malipo benki.

Wauzaji nao

Upande wa wauzaji kuna funzo la stoo. Mwenye duka aliyejaza laptopu za kizazi cha sita na cha saba ameshika mali inayooza. Kadiri miezi inavyopita, wateja wengi zaidi watajifunza kusoma tarakimu baada ya kistari, na bei itashuka. Busara ni kuzitoa mapema kwa bei ya kweli, au kuzisimika Linux Mint na kuziuza kwa wanafunzi, wenye vioski na waandishi wa barua, wakiambiwa wazi wanachonunua. Kuzipaka Windows 11 ya ujanja ni kuuza mara moja na kumpoteza mteja daima.

Lingekuwa jambo la haki kila laptopu iliyotumika iwekewe karatasi yenye mambo matatu: namba kamili ya prosesa, mfumo uliomo, na tarehe ambayo mfumo huo utakoma kupata marekebisho pale tarehe hiyo inapojulikana. Dawa haiuzwi bila tarehe ya kwisha muda, na maziwa ya pakiti hali kadhalika. Tume ya Ushindani, yenye jukumu la kumlinda mlaji, ingeweza kulifanya hilo kuwa sharti kwa waagizaji wa vifaa vilivyotumika. Haligharimu zaidi ya kalamu na karatasi, na muuzaji mwaminifu hana cha kupoteza.

Mpaka siku hiyo ifike, ulinzi wa mnunuzi ni kuuliza. Mwenye Tally aulize kizazi, mwenye majedwali ajaribu flashi, mwenye kupenda Apple aulize M, na wote waulize tarehe. Muuzaji akijibu kwamba tarehe haina maana, bei aliyoitaja ishushwe kwa kiasi hichohicho.